Kaka anasema cc 250, binamu anasema ile ndefu ya porini: ninunue pikipiki ipi?

«Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni muuguzi, nina miaka 27, nakaa Malindi mjini na kazi yangu iko zahanati moja ya ndani, upande wa Magarini. Nikivuka daraja la Sabaki nafuata lami, halafu naiacha na kuingia barabara ya mchanga na udongo mwekundu kama kilomita 9. Kila siku napanda boda na nauli imenichosha. Nimeweka shilingi 190,000 ninunue pikipiki yangu mwenyewe. Kaka yangu ananiambia nichukue cc 250 moja kwa moja, ati kubwa hutulia barabarani na ndogo nitaichoka baada ya miezi mitatu. Binamu yangu anashikilia kwamba kwa mchanga ule lazima ninunue ile ndefu ya porini. Mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 1, na sijawahi kuendesha chochote isipokuwa baiskeli. Mwaka jana boda niliyopanda iliteleza nikaumia kifundo cha mkono wa kushoto, na mpaka leo tairi ikicheza mchangani moyo unanipaa. Pia njiani huvaa buibui, na siku nyingine hubeba kisanduku cha chanjo. Nifanyeje?»

Wa aleikum salaam, mwanangu. Umeandika kila kitu ninachohitaji kujua, hata kile ambacho pengine hukukitilia maanani, yaani huo mkono wa kushoto. Nitaufikia.

Jibu langu fupi ni hili. Nunua pikipiki ya kawaida ya cc 100 hadi 125, ya kiti cha chini, aina ambayo vipuri vyake vinapatikana mpaka kwenye kibanda cha fundi wa kijijini. Wala usiimalize hiyo 190,000 kwenye chombo chenyewe. Sehemu yake ni ya shule, ya kofia na ya bima, na hiyo sehemu usiiguse hata muuzaji akikuonyesha rangi nzuri kiasi gani. Sasa nikueleze kwa nini, maana kaka na binamu wanakupenda na utalazimika kuwajibu.

Kaka anasema kubwa hutulia. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka, kwa kasi, kuna ukweli kidogo: upepo wa kusi ukivuma pale darajani Sabaki, au lori la chumvi kutoka Gongoni likikupita karibu, chombo kizito hakisukumwi kama chepesi. Lakini kinachoifanya pikipiki ikae wima si uzito wake. Ni mwendo, pamoja na jinsi gurudumu la mbele linavyojirudisha lenyewe chini ya mwili kila inapoanza kulala. Ikishapita mwendo wa mtu anayekimbia, ndogo na kubwa zote hukaa wima zenyewe. Mwanafunzi haangukii hapo. Huangukia uani akigeuza, mlimani akisubiri tuktuk ipite, langoni akisimama kusalimu watu. Huangukia kwenye kasi ya kutembea, na kwenye kasi hiyo uzito wote uko juu ya mguu wako mmoja.

Mimi nilijifunza na pikipiki kubwa ya mjomba. Siku moja nilisimama kando ya barabara karibu na Mambrui kumpisha mtu na ng'ombe wake. Nikateremsha mguu wa kushoto, na pale mguu ulipotua palikuwa na kishimo, si kikubwa, upana wa kiganja. Pikipiki ikainama kidogo. Nikaishika. Ikainama kidogo tena, na kuanzia hapo sikuwa naishika tena, nilikuwa nashuka nayo. Nakumbuka mlio wa mkono wa klachi ukikatika juu ya jiwe, petroli ikinidondokea kwenye suruali, na yule mchungaji akija mbio kunisaidia kuiinua kwa sababu peke yangu nilishindwa. Nilikuwa kijana wa kilo 70. Wewe, kwa urefu uliouandika, sidhani unazifikia. Pikipiki ya cc 100 ina kilo 110 hivi, na hiyo ukifundishwa utaiinua peke yako: unaipa mgongo, unachuchumaa, unasukuma kwa miguu. Hizo za cc 250 nyingi zinapita kilo 150. Ikikulalia katikati ya zile kilomita 9 na hakuna mtu, utakaa hapo.

Halafu nguvu. Injini ya cc 100 hutoa nguvu za farasi kama 8, ya cc 250 huenda ikatoa 20 na zaidi. Hebu fikiria mkono wako wa kulia siku ya kwanza. Umekaza mafuta kidogo, pikipiki imeruka mbele, mwili umebaki nyuma, na kwa kuwa umeshikilia usukani, mkono unavutwa nyuma na kuzidi kukaza mafuta bila wewe kutaka. Karibu kila mwanafunzi wangu amepitia hilo angalau mara moja. Kwenye cc 100 unapata nafasi ya kushtuka, kubana klachi na kucheka. Kwenye cc 250 unaupata ukuta kwanza.

Kuhusu kuichoka baada ya miezi mitatu, waangalie vijana wanaokubeba kila asubuhi. Wengi wanaendesha Boxer au TVS za cc 100 hadi 150, abiria mmoja au wawili nyuma, gunia mbele, na wanafika Marafa na kurudi. Wewe utakuwa peke yako na kisanduku. Ukifika mahali ukaona kweli unahitaji kubwa zaidi, pikipiki za aina hii hazikosi mnunuzi Malindi. Utaiuza, utaongeza, utanunua nyingine, na wakati huo mikono yako itakuwa inajua kazi.

Binamu naye amewaza jambo la maana, amekosea dawa tu. Ile ndefu ya porini imeinuliwa ili shokabzoba zake zipate nafasi ndefu ya kupanda na kushuka kwenye mashimo na mawe. Gharama ya nafasi hiyo ni urefu wa kiti. Kwa futi 5 na inchi 1 utaigusa ardhi kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, na mchangani kinachokuokoa mara nyingi ni kuweza kuweka nyayo chini haraka. Kinachofanya kazi kwenye mchanga ni tairi, mwendo na macho. Mwambie fundi akufungie tairi ya nyuma yenye meno yaliyoachana kidogo, ile ya lami na vumbi, na hapo binamu atakuwa amepata haki yake.

Sasa kuhusu moyo kupaa. Ukiwa abiria hujui dereva anafanya nini, ndiyo maana kila mtikisiko unaonekana kama mwanzo wa kuanguka. Ukweli ni kwamba mchangani gurudumu la mbele lazima licheze. Linatafuta njia, linakwenda kushoto, linarudi kulia, na likiachiwa linajinyoosha lenyewe. Anayeangusha pikipiki ni mtu anayelikatalia: anakaza mikono, anafunga mafuta ghafla, anashika breki ya mbele. Akifanya hivyo uzito wote unahamia mbele, gurudumu linazama kama jembe, na mwili unaendelea na safari. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kuingia mchangani, ukiwa bado pagumu. Ukishaingia, gia ya pili, mafuta kidogo yasiyokatika, magoti yabane tangi, mikono iwe laini kama unashika kuku asiumie, macho yatazame mbali. Ukitazama gurudumu utalifuata. Na udongo mwekundu wakati wa masika, ukishalowa, ni suala jingine kabisa. Unateleza kuliko mchanga. Mwaka wako wa kwanza, mvua ya Mei ikipiga, panda boda siku hiyo. Nauli ya siku chache haitakufilisi.

Lipo jambo moja wewe hukuliuliza, lakini lazima utaambiwa na mtu: kwamba breki ya mbele hurusha, uiache. Maneno haya yameenea pwani nzima na yanaua. Unapofunga breki, uzito unakimbilia mbele, tairi ya mbele inakandamizwa barabarani na ya nyuma inakuwa nyepesi. Kwenye lami kavu, theluthi mbili au zaidi ya uwezo wa kusimama uko mbele. Ukiwa na kilomita 40 kwa saa na kutumia breki zote mbili vizuri, tangu unapoiona hatari mpaka unaposimama utakula kama mita 21. Kwa kilomita 80 utakula kama mita 63, yaani mwendo umeongezeka mara mbili na umbali umeongezeka mara tatu. Ukitumia ya nyuma peke yake, sehemu ya kufunga breki inakuwa karibu maradufu na gurudumu linaanza kuburura. Breki ya mbele hurusha inaponyakuliwa ghafla, au ikikamatwa mchangani na kwenye kona. Ikibanwa taratibu kama unavyokamua chungwa, hiyo ndiyo inayokusimamisha. Hili ni la kurudia uwanjani mara mia, mbele ya mwalimu, mpaka kidole kijue chenyewe.

Tuje kwenye mkono wako. Klachi iko kushoto, mwanangu. Kila unapoanza kuondoka, kila gia, kila tuta, kila unaposimama, kifundo kile kile kilichoumia ndicho kitakachofanya kazi, na kwenye mchanga zaidi. Kabla hujatoa hata shilingi, nenda kwa muuzaji, kalia pikipiki iliyozimwa, ubane na kuachia klachi mara hamsini polepole. Usiku huo na asubuhi yake usikilize mkono. Ukivimba, ukipata ganzi vidoleni, au ukiuma unapoukunja, usinunue bado. Muone daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwambie unataka kuendesha pikipiki, na akupime nguvu ya kushika. Wewe ni muuguzi, unajua jinsi watu wa afya wanavyojisahau. Ikiwa klachi ni nzito kidogo tu, fundi anaweza kuilainisha: waya mpya wa klachi uliotiwa oili hubadilisha mambo sana, na pia mkono wa klachi unaweza kurekebishwa ukae karibu na vidole vifupi.

Pengine utafikiria skuta, kwa kuwa haina klachi na buibui linakaa vizuri. Kwa Malindi mjini, Casuarina mpaka Shella na kurudi, ningekuambia chukua. Kwa njia yako hapana, kwa sababu magurudumu yake madogo huzama mchangani. Pikipiki za umeme nazo hazina klachi, hazina kelele, na zimeanza kuonekana pwani. Ukipata mahali pa uhakika pa kubadilisha au kuchaji betri kwenye njia yako, zitazame. Kama mahali penyewe ni mjini tu, subiri.

Kwa urefu wako, jaribio liko hivi: vaa viatu utakavyoendeshea, kalia, miguu yote miwili ishuke. Nusu ya mbele ya nyayo zote mbili ikikaa chini bila wewe kuinama upande, inakufaa. Kisha ishuke uisukume injini ikiwa imezimwa, uigeuze kama namba 8, uipandishe stendi ya kati na kuiteremsha. Muuzaji akikuzuia kufanya hayo, nenda duka la pili. Kiti kikizidi kidogo, fundi wa viti anaweza kupunguza sponji. Kukata au kuteremsha shokabzoba nisingependa, kwa sababu chombo kitagonga chini kwenye mashimo na kitapinda vibaya kwenye kona.

Mpya au ya mkononi? Ukiweza, mpya. Sisi tunaishi na chumvi. Pikipiki iliyolala miaka mitatu karibu na bahari ina kutu mahali usipopaona: ndani ya ekzosi, kwenye vichwa vya spoki, chini ya kiti. Ukilazimika kununua iliyotumika, nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji, tena asubuhi kabla injini haijawashwa. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika ina jambo inaficha. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Tazama meno ya sproketi ya nyuma: yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama pezi la papa, mnyororo na sproketi zote zimekwisha. Kwenye tairi utaona tarakimu nne ndani ya duara refu. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba ya chesisi ifanane na ya logibuku, na usilipe yote kabla umiliki haujahamishwa kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukaja kwa jina lako.

Buibui nalizungumza kwa uzito kwa sababu nimewahi kulikata kwa kisu kutoka kwenye gurudumu, mwenyewe akiwa amelala barabarani. Kitambaa kikishikwa na mnyororo hakiachii, kinamvuta mtu. India, zinakotengenezwa Boxer na TVS, sheria inataka gurudumu la nyuma lifunikwe ubavuni ili nguo ya abiria isinase. Muulize muuzaji hiyo kinga, na kama haipo fundi wa kuchomea vyuma ataitengeneza. Pia funga kifuniko cha mnyororo mzima. Na juu ya yote, usiendeshe na buibui likiwa huru: vaa suruali pana ndani, kusanya pindo na ulifunge kiunoni au vaa koti refu linaloishia magotini, na buibui likunjwe kwenye mkoba ulivae ukifika.

Kofia nayo. Uchambuzi wa Cochrane, shirika linalopima tafiti za afya, wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi, uliona kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Inafanya hivyo kwa sponji ngumu ya ndani inayobondeka badala ya ubongo. Ikishabondeka mara moja kazi yake imekwisha, ndiyo maana kofia iliyoanguka kwenye ajali hainunuliwi hata kwa bei ya bure. Chukua inayofunika uso mzima, yenye alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) au ECE (kiwango cha Umoja wa Mataifa), inayobana mashavu. Ukitikisa kichwa isitangulie wala isibaki nyuma. Mtandio wa ndani uwe wa pamba mwepesi, bila pini hata moja, na nywele zisifungwe kifundo kisogoni, kwa sababu kifundo kinainua kofia na pini inaingia kichwani. Ukiijaribu dukani, ijaribu ukiwa na mtandio huo huo. Glavu, kiatu kinachofunika kifundo cha mguu na jaketi lenye riflekta vimalizie orodha. Kofia na jaketi la riflekta sheria ya Kenya inavidai kwako na kwa abiria wako, na abiria awe mmoja tu.

Leseni utakayohitaji ni daraja A2, kwa kuwa hubebi abiria wa kulipa. A3 ni ya boda. Usikubali mtu akufundishe jioni mbili uwanjani kisha akutafutie leseni. Nenda shule iliyosajiliwa, upate leseni ya kujifunzia, na ukae kwenye pikipiki yao mpaka mwalimu achoke kukuambia rudia. Faida nyingine ni kwamba pikipiki ya shule ndiyo itakayoanguka mara za kwanza, si yako.

Kisanduku cha chanjo kifunge mbele kabisa ya kereya, kigusane na kiti, kiwe chini. Kikikaa nyuma ya ekseli kinafanya kazi kama mzani: mkia unashuka, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na mchangani hutalisikia tena. Mwezi wa kwanza usibebe chochote.

Hofu nitakuachia uijue mwenyewe. Ile inayokufanya upunguze mwendo ni rafiki. Lakini kama unaiota ile ajali, au mikono inatetemeka ukiwa umekalia pikipiki iliyozimwa, zungumza na mshauri wa hospitalini kabla ya kuanza masomo. Nimewahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa hilo. Alirudi baada ya miezi minne, na sasa anaendesha.

Leseni ikishatoka, usianze na siku ya zamu. Chagua asubuhi ya mapumziko, kusiwe na mvua, mtu mzoefu atangulie na pikipiki yake kwa mwendo wako, si wake. Lami inapoishia, simama, zima, shuka. Tembea kwa miguu hatua kama hamsini ndani ya ule mchanga, uone wapi ni mgumu na wapi unazama, wapi magurudumu ya wenzako yamepita. Kisha rudi, panda, weka gia ya pili.